Suruali za Watu Waliosimama

Siku hiyo uwanjani alikuwepo tajiri wangu, mwenye duka la nguo, ambaye pia alikuwa kapteni wa timu ya kriketi ya maduka. Alikuwepo mwenye duka la vyuma, mtu mnene mwenye roho nzuri. Alikuwepo karani wa kiwanda cha pamba, ambaye ndiye aliyekuwa msomaji wetu wa magazeti. Walikuwepo wengine wanane wa kukamilisha timu, wote wenye maduka au watoto wa wenye maduka, na nikianza kuwaeleza mmoja mmoja nitakuchosha bure, maana mchana kutwa walifanya jambo moja tu: walisimama. Walikuwepo wazungu wa boma, timu nzima, pamoja na mmoja wa ziada, mwembamba kama mwanzi, aliyekuwa refa. Walikuwepo wapakiaji wa bandarini, waliokuja kucheka na hawakukosa walichofuata. Alikuwepo mama yake tajiri, ambaye mji mzima ulimwita Bibi, kwenye kiti chake chini ya mwavuli mweusi. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, anayenifuata kuzaliwa, na beseni lake la vitumbua. Na nilikuwepo mimi, fundi cherehani, na sindano mbili zimechomekwa kwenye kola.

Wadogo zetu wengine wawili hawakuwepo. Tuliwaacha nyumbani, Igogo, hapahapa Mwanza, wakifua nguo zao za shule. Lakini nilikuwa nawaza wao kuliko mpira, na sababu nitaieleza sasa hivi.

Wazazi wetu walitangulia wote ndani ya mwaka mmoja, mama kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule darasa la tatu, nikiwa najua kusoma, kuandika na kugawanya, na mpaka leo sijakutana na jambo lililonidai zaidi ya hapo. Nikajifunza kushona. Nilikaa kwenye baraza la duka la tajiri, kama mafundi wote wa mji walivyokaa kwenye mabaraza ya maduka. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje, ananikuta. Cherehani ilikuwa ya tajiri. Mikono na miguu ilikuwa yangu. Bila cherehani ile, mikono na miguu yangu isingelisha hata paka, na wale wawili waliokuwa wakifua Igogo wangekwenda kuchunga ng'ombe wa watu huko Buswelu.

Sasa kriketi. Kwa asiyeujua mchezo huu nitaueleza kama nilivyouelewa mwenyewe. Mtu mmoja anarusha mpira mgumu kama kokoto. Mwingine anaupiga kwa gongo bapa. Wanaobaki wametawanywa uwanjani, na kazi yao ni kuuzuia usiende mbali, na ukiwa hewani waudake kabla haujagusa chini. Ukidakwa, aliyeupiga anatoka. Watu wetu walipenda kupiga, maana mpigaji anatazamwa na kila mtu. Kurusha walipenda kidogo. Kudaka waliona ni kazi ya kumtuma mtu.

Katika hili walikuwa na mfano kutoka juu kabisa. Timu ya taifa ya Uhindi, nchi ya wazee wao, miaka ile ya kabla ya vita, ilikuwa ikicheza na Waingereza zile mechi kubwa zinazoitwa testi, zinazochukua siku kadhaa na watu wanasimama katikati kunywa chai. Habari zake tulizipata kwa gazeti la kutoka Bombei. Gazeti lilipanda meli mpaka pwani, likapanda treni mpaka kwetu, likafika limezeeka. Wazungu wa boma walijua matokeo mapema kwa njia ya simu ya posta, lakini kwenye baraza letu ilikuwa marufuku kuyataja kabla gazeti halijafika. Mgeni mmoja kutoka Tabora aliwahi kufungua mdomo aseme, akapewa chai na kuombwa aondoke. Kwa hiyo watu wazima, wenye ndevu na mali, walikuwa wakiomba dua kwa ajili ya mechi iliyokwisha kuchezwa mwezi uliopita. Nilimsikia tajiri wangu akiweka nadhiri ya kulisha maskini endapo tutashinda, wakati wachezaji wenyewe walishapanda meli kurudi kwao.

Maskini wa Mwanza hawakula. Mechi ya kwanza karani alisoma: "Tumeshindwa, lakini kwa heshima." Iliyofuata alisoma: "Tumeshindwa." Baada ya hapo akaanza kuruka mistari, na watu wakaanza kumtazama midomo. Neno lililorudi kila mara lilikuwa moja. Fulani aliudondosha. Fulani mwingine naye aliudondosha. Mpira ulipita kati ya miguu ya fulani. Mzungu aliyekuwa atoke mapema aliponea mara tatu, akapiga mpaka jioni.

"Mikono yao ina nini?" aliuliza mwenye duka la vyuma.

"Baridi," alisema tajiri. "Uingereza ni baridi. Vidole vinakufa ganzi."

"Na mechi za kwao Bombei?"

"Joto. Jasho linateleza."

Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani, nikanyamaza. Ni mahali pazuri pa kunyamazia.

Siku moja gazeti lilileta picha ya timu nzima. Wamesimama kwa mstari, wamekunja mikono kifuani, suruali nyeupe zimeshuka kutoka kiunoni mpaka kwenye viatu bila kunjo hata moja. Tajiri aliitazama picha ile kama watu wanavyomtazama bibi harusi. Akaikata, akaibandika ukutani juu ya kichwa changu, akaniambia timu yake itacheza na boma karibuni na itavaa hivyo.

"Nataka ikae hivi hivi, fundi. Isilegee mahali popote."

Nikasema, "Tajiri, hawa wamesimama."

"Kwani sisi tutalala?"

"Nasema wakiinama, tajiri. Kwenye mpira mtu anainama."

"Fundi, wewe umeona kriketi mara ngapi? Shona kama picha." Akainama mwenyewe, wakati huo akiwa ndani ya suruali yake kuukuu pana kama gunia, akaninong'oneza: "Nimewaambia watu wa boma tutakuja na sare. Ukituaibisha kwa nguo, cherehani naiingiza ndani na baraza nampa mwingine. Mimi na wewe tunaelewana?"

Tulielewana. Nikawapima. Na hapa niseme jambo ambalo fundi yeyote atalikubali: mwanamume akiona utepe wa kupimia anavuta tumbo. Wale kumi na mmoja walivuta matumbo yao mpaka yakagusa mgongo. Mwenye duka la vyuma alivuta mpaka macho yakamtoka, na nilipomwambia, "Pumua, bwana mkubwa," alitikisa kichwa kukataa. Nilipima matumbo ya watu wengine kabisa, watu wembamba ambao hawakuwahi kuishi Mwanza. Nikaongeza kidogo kwa siri, lakini kitambaa kilitolewa kwa kipimo na tajiri mwenyewe, na siri ya fundi haiwezi kuzidi kitambaa alichopewa.

Siku ya mechi walipotokea, nikiri kwamba walipendeza. Walitembea kutoka madukani mpaka uwanjani polepole, kama watu wanaobeba mayai. Wapakiaji walipiga miluzi. Mdogo wangu akaangalia suruali zile, akaniangalia mimi, akasema, "Kaka, hawa watakaaje?"

"Hawatakaa. Wanacheza."

"Haya."

Uwanja wenyewe ulikuwa upande wa ziwani, na nyuma ya mpigaji kulikuwa na jiwe kubwa, moja ya yale mawe yetu, limekaa hapo tangu dunia inaumbwa. Mzungu aliyechora uwanja alishindwa kulihamisha, akalihesabu kama sehemu ya mpaka.

Boma walianza kupiga. Mpira wa kwanza wa maana ulimfuata mwenye duka la vyuma, chini, taratibu, mpira ambao hata kuku angeuzuia. Akainama. Sauti iliyotoka ilisikika mpaka kwenye lile jiwe na ikarudi. Akabaki palepale ameinama, mikono miwili nyuma, mpira ukapita ukaenda zake ziwani.

Wapakiaji walilala chini kwa kucheka.

"Bwana mkubwa, funga duka!"

"Mpira huo, hauna meno! Ushike!"

Alitoka uwanjani kinyumenyume, akiwatazama wazungu usoni kwa heshima kubwa. Nilimpokea na sindano. Mpasuko ulianzia kiunoni ukaishia mahali ambapo sitaki kupataja, na uzi wangu usingeweza kufunga kitu ambacho kitambaa chake hakipo. Mdogo wangu, aliyekuwa amevaa kanga mbili, akafungua ya juu akamrushia. "Jifunge, babu, mchezo unaendelea."

Akajifunga. Akarudi uwanjani na kanga nyekundu. Refa alisimamisha mchezo, akazungumza na kapteni wa boma, wakafungua kijitabu chao cha sheria, wakakifunga. Haikuandikwa mahali popote kwamba kanga hairuhusiwi.

Wengine kumi walikuwa wameona. Tangu hapo hakuna aliyeinama. Mpira ukija chini walinyoosha mguu, kama mtu anayemfukuza mbwa bila kutaka kumgusa. Karani alijaribu kuuzuia kwa kofia. Mtoto wa muuza mafuta ya taa alikimbia sambamba na mpira mpaka mpakani, akausindikiza kama mgeni. Jiwe ndilo lililozuia mipira mingi kuliko timu nzima, ukiacha mtu mmoja. Huyo mmoja, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa mwenye duka la vyuma. Ndani ya kanga alikuwa mtu mpya. Aliinama, alijirusha, alizuia mipira kwa tumbo lake halisi, na kila alipozuia wapakiaji walimshangilia, na kila waliposhangilia mimi nilihisi cherehani inasogea hatua moja kuelekea ndani ya duka. Kama mtu mnene ndani ya kanga anaweza, basi kosa ni la suruali. Hata mtoto angeona hivyo.

Lakini kulikuwa na mipira mingine pia. Mpigaji wao mkubwa, bwana mmoja wa boma mwenye uso mwekundu, aliupiga mmoja ukapanda juu sana, ukawa kitone, ukaanza kushuka moja kwa moja juu ya kapteni wetu. Hakuhitaji kuinama. Hakuhitaji hata kusogea. Aliinua mikono, akapiga kelele "Wangu! Wangu!" kwa Kiswahili na kwa Kigujarati, mpira ukaingia mikononi, ukatoka, ukampiga kwenye bega, ukaanguka. Baadaye akaachia wa pili, wa juu vilevile. Karani naye akaachia wake. Yule bwana mwekundu akapiga mpaka akachoka mwenyewe, akaomba maji.

Kupiga kwetu sitakueleza. Kulikwisha kabla ya vitumbua.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi nilifika barazani, nikakuta cherehani haipo, mahali pake pana alama za miguu ya chuma tu kwenye saruji, na nyuzi za rangi zilizobaki kwenye ufa. Nikakaa chini palepale. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na nilitaka kama anifukuze anifukuze kwa mdomo, si kwa kuhamisha vitu.

Treni ilikuwa imeleta gazeti. Watu wakakusanyika kama kawaida, nami nimekaa katikati ya miguu yao. Mwenye duka la vyuma alikuwepo, amekuja na kanga ya mdogo wangu, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Kabla karani hajaanza kusoma, tajiri akatoka, akaniona.

"Wewe bado uko hapa?"

"Shikamoo, tajiri. Niko."

"Marahaba. Tumekuwa kichekesho cha mji. Wapakiaji wananiuliza bei ya kanga."

"Nilisema wamesimama, tajiri."

"Usinijibu! Huyu hapa," akamwonyesha mwenye duka la vyuma, "alipovua suruali yako alicheza kama simba. Kweli si kweli?"

Mwenye duka la vyuma alitazama kanga mikononi mwake. "Kweli," alisema kwa huzuni, "lakini kijana hana..."

"Kweli! Basi. Kosa ni suruali."

Nilisimama. Nilitaka kusema habari ya mipira ya juu, lakini kumwambia mtu mbele ya wenzake kwamba aliudondosha mpira uliomwangukia mikononi, huku yeye ndiye anayeshika chakula cha wadogo zako, ni jambo ambalo ulimi unalikataa wenyewe. Nikasema tu, "Tajiri, nina watoto wawili shuleni."

"Mimi ndiye niliyewapeleka?"

Hapo ngazi ya ndani ikaanza kulia. Bibi alikuwa anashuka. Magoti yake yalikuwa yameshapitwa na wakati, kila ngazi aliitolea maoni yake, na watu wazima wote barazani wakangoja mpaka afike. Yeye alikuja Mwanza kabla ya reli, kwa miguu kutoka Tabora, na aliuza shanga kwa akina mama wa Kisukuma miaka mingi mpaka akawa anagombana kwa Kisukuma na kuhesabu kwa Kisukuma. Kriketi hakuipenda. Alisema ni njia ndefu ya kuungua jua.

Tulimwamkia. Akakaa kwenye kiti cha karani.

"Soma," akamwambia karani.

"Bibi, tulikuwa tunazungumza..."

"Nimesikia. Nyumba ina madirisha. Soma gazeti."

Karani akasoma. Tulishindwa tena, na safari hii hapakuwa na neno heshima. Akafika mahali, akataka kuruka.

"Usiruke," alisema Bibi. "Naona jicho lako linaruka."

Akasoma kwa sauti ndogo. Aliyesimama nyuma ya mpigaji aliudondosha. Wa upande wa kulia aliudondosha. Kapteni mwenyewe, mpira wa juu, aliudondosha.

Bibi akageuka polepole akaitazama ile picha ukutani. "Hawa ndio hao?"

"Ndio, mama," alisema tajiri.

"Nguo nzuri. Nani aliwashonea?"

"Sijui, mama. Mafundi wa Bombei."

"Si huyu?" Akanionyesha kwa fimbo.

"Hapana, mama. Atawezaje..."

"Nauliza tu. Na wewe Jumamosi, ule mpira wako wa juu. Nilikuwa nimekaa pale na macho yangu yanaona mbali. Mikono nayo kaishona fundi?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mwenye duka la vyuma alijifunika uso na kanga.

"Mama, lakini huyu kwenye kanga alizuia..."

"Basi vaeni wote kanga. Duka unalo. Rudisha cherehani ya mtoto wa watu, tafadhali, nasumbuliwa na ukimya. Nimezoea kulala mchana na ile kelele."

Tajiri aliingia ndani. Tukasikia chuma kinaburuzwa. Aliirudisha mwenyewe, kichwa chini, akaiweka nje kidogo ya zile alama za miguu ya chuma, nami nikaisogeza. Kisha akasema, bila kunitazama, "Zote zifumuliwe. Uongeze kitambaa kati ya miguu. Kingi."

"Ndiyo, tajiri."

"Na picha hiyo itoe hapo."

Nikaitoa. Mdogo wangu alipopata kanga yake aliinusa, akasema sasa ina harufu ya misumari. Wale wawili waliendelea na shule. Mmoja wao baadaye alikuja kufundisha, na hawezi kushona kifungo.

Wiki ileile Bibi aliniita chini ya dirisha lake. "Fundi. Umeshakula?"

"Nimekula, Bibi. Na ninashukuru. Sijui nitakulipa nini."

"Mimi najua. Mwanangu ananipa nguo za mabaki ya kitambaa, zinabana kama hizo suruali zenu. Nikikaa chini lazima niite watu wawili kuniinua, na mmoja kushika nguo. Nishonee gauni refu. Nataka niiname nalo, nikae chini nalo, niinuke, bila kumwomba mtu ruhusa."

Kumpima kwa mikono yangu, mimi mwanamume, kusingewezekana. Akajipima mwenyewe ndani kwa kamba, mjukuu wake wa kike akifunga mafundo, kisha wakaniteremshia kamba kupitia dirishani. Fundo la kwanza bega, la pili mkono, la tatu kifua, la nne urefu. "Hilo la tatu nimepumua," alisema kutoka juu. "Mimi sivuti tumbo."

Nilianza kwa nia safi. Lakini suruali kumi na moja zilitangulia, halafu zikaja nguo za shule, halafu harusi za watu, na kila nikimwona dirishani nilisema wiki hii, Bibi, na yeye alisema, wiki hii ina siku nyingi sana. Kisha binti yake wa Kisumu akamwita, akapanda meli pamoja na mjukuu wake, ameshikwa mkono na watu wawili na wa tatu ameshika nguo. Vita ikaja. Kitambaa kikawa cha kibali, na fundi wa barazani hapewi kibali. Kila msafiri aliyetoka Kisumu alinifikia na salamu moja: "Bibi anasema bado anainama kwa shida."

Hakurudi. Habari ilitufikia mwishoni mwa vita, kwa mdomo wa baharia wa meli, na tajiri alifunga duka siku tatu na mimi sikukanyaga cherehani, ingawa marehemu angependa kelele.

Mjukuu aliyefunga mafundo alirudi Mwanza baadaye, mtu mzima, na yuko hapa mpaka leo, karibu na Mkuyuni. Nilimwonyesha kamba. Akacheka mpaka akalia, kisha akasema, "Fundi, mimi nimeshafikia mwili wake. Nishonee mimi, deni liishe."

Nikamjibu kwamba yeye hakuniombea cherehani. Akasema mimi ni mbishi kama bibi yake. Kitambaa ninacho, cha pamba, kizuri, kipana. Nimekitandika mezani mara nyingi nikaweka kamba juu yake, fundo kwa fundo, na mkasi nimeushika. Sijakikata.